Kabla ya Kuongeza Mwanga, Tazama Kilicho Nyuma ya Taa

Ombi ninalolipata kuliko mengine yote katika kazi yangu ya usalama barabarani ni hili: "Taa za pale hazionekani, tuwekeeni zenye mwanga mkali zaidi." Kwa kawaida huja baada ya ajali, pamoja na lawama kwa dereva aliyepita kwenye nyekundu kisha akasema hakuiona. Wengi humwona mwongo. Mimi huanza kwa kumwamini. Ukifika kwenye makutano yenyewe na kukaa kwenye kiti cha dereva, saa ileile ajali ilipotokea, si ajabu kukuta taa haina hitilafu yoyote, inawaka inavyotakiwa, na bado unahangaika kuitafuta.

Jicho halipimi mwanga peke yake. Linachotafuta ni tofauti kati ya kitu na kile kinachokizunguka. Taa ileile inayochoma macho usiku wa manane hufifia mchana ikiwa nyuma yake kuna anga jeupe, ukuta uliopakwa chokaa au bango la tangazo lenye rangi kali. Ndiyo maana nikiombwa kuongeza mwanga, huuliza kwanza: nyuma ya taa hiyo kuna nini?

Tuanze na ukubwa, maana hapo mambo ni mepesi. Lenzi za taa za kuongozea magari huwa na vipimo viwili vikuu, kipenyo cha milimita 200 na cha milimita 300. Kwa dereva aliye umbali wa mita 100, ile kubwa ina upana wa kama theluthi moja ya mwezi mpevu unavyouona angani. Hicho ndicho kidoa tunachotaka akipate katikati ya magari, nguzo, nyaya, miti na watu wanaovuka. Na hana muda wa kukitafuta. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hula karibu mita 17 kila sekunde. Tukimpa dereva sekunde 2.5 za kuona na kuamua, kisha afunge breki bila kuwarusha abiria wake, atahitaji takriban mita 83 ili asimame. Kwa kilomita 80 kwa saa ni karibu mita 130. Taa inayoanza kuonekana vizuri ukiwa umebakiza mita 40 imeshachelewa, hata iwe na mwanga mkali namna gani.

Ukitoka milimita 200 kwenda 300, eneo linalowaka linakuwa mara mbili na robo ya lile la mwanzo. Kwenye barabara za mwendo kasi naunga mkono badiliko hilo bila kusita. Ila lenzi kubwa iliyosimama mbele ya anga linalong'aa bado ni lenzi iliyosimama mbele ya anga linalong'aa.

Dawa yake ni ubao wa nyuma: bamba la bati au plastiki ngumu, jeusi lisilong'aa, linalolizunguka kasha la taa pande zote. Kazi yake ni kuitengenezea taa giza lake yenyewe. Popote dereva atakapokuwa, nyekundu ataiona juu ya weusi, na lile anga, ukuta au bango litasukumwa pembeni. Usiku ubao huo husaidia kuitenga taa na mataa ya maduka, ambayo mengi ni mekundu na ya kijani, na mengine yamefungwa kwa urefu uleule wa taa zetu. Kwa maoni yangu hakuna kifaa kingine katika fani hii kinacholeta faida kubwa kiasi hiki kwa gharama ndogo kiasi hiki, na bado ndicho cha kwanza kufutwa kwenye makadirio ya mradi fedha zinapopungua. Jambo hilo hunisikitisha kila ninapoliona.

Ubao huo ukizungushiwa pembeni utepe wa manjano unaoakisi mwanga, wenye upana wa kati ya sentimita 2.5 na 7.5, faida inaongezeka. Taa za gari zikiupiga, dereva anaona fremu ya manjano kabla hata hajatambua rangi inayowaka ndani yake. Nchini Marekani, wakala wa serikali kuu unaosimamia barabara kuu, FHWA, umeuweka ubao wenye utepe huo kwenye orodha yake ya hatua za usalama zilizothibitishwa, na kadirio unalolitoa ni kupungua kwa ajali zote kwa asilimia 15. Utepe una kazi nyingine ambayo huwa haitajwi sana. Umeme ukikatika usiku, makutano yenye taa hugeuka kuwa makutano ya giza, na dereva mgeni anaweza kuyapita mbio bila kujua kwamba pale pana taa. Utepe hauhitaji umeme. Ataona fremu tupu mbele yake, na atajua kwamba kuna kitu kilichopaswa kuwaka.

Jambo moja la tahadhari kwa mafundi: ubao hukamata upepo kama tanga. Kabla ya kuufunga kwenye nguzo ya zamani, hasa yenye mkono mrefu unaoning'inia juu ya barabara, uimara wa nguzo yenyewe na boliti zake lazima ukokotolewe upya. Zipo bao zenye matundu ya kupitishia upepo, nazo hupunguza mzigo huo.

Jua nalo lina mambo yake. Kuna wakati linakuwa nyuma ya taa, chini karibu na upeo wa macho, likimpiga dereva usoni. Barabara zinazoelekea mashariki au magharibi ndizo zinazoteseka zaidi, na karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba hali huwa mbaya kupita kiasi, kwa kuwa siku hizo popote ulipo jua huchomoza karibu mashariki halisi na kutua karibu magharibi halisi. Taa hata iongezwe mwanga, haiwezi kushindana na jua. Vumbi kwenye kioo cha mbele cha gari husambaza mwanga huo na kufunika kila kitu kwa ukungu mweupe. Ubao wa nyuma hupunguza adha, lakini tiba hasa ni kuweka taa ya pili mahali pengine, kwa mfano kwenye nguzo ya pembeni na chini zaidi, ili jua likiifunika moja, nyingine ibaki. Kwa sababu hiyo siwaelewi wanaobuni makutano wakazibananisha taa zote sehemu moja ya juu.

Kuna wakati jua linakuwa mgongoni kwa dereva na kuipiga taa moja kwa moja. Taa za zamani za balbu zilikuwa na kioo kilichopinda nyuma ya balbu ili kuukusanya mwanga wake na kuurusha mbele. Kioo hicho hakibagui: mwanga wa jua ukiingia kupitia lenzi, nao hurushwa mbele, ukiwa umeshachukua rangi ya lenzi. Matokeo yake nyekundu, manjano na kijani zote huonekana kama zimewaka kwa pamoja. Kwangu hali hii ni mbaya kuliko taa iliyozima, kwa maana taa iliyozima haimwambii mtu apite. Kiwango cha Ulaya cha taa hizi, EN 12368, kimeweka madaraja maalumu ya kupima jinsi taa inavyohimili mwako huo wa uongo, na daraja la 5 ndilo la juu. Taa za LED zimepunguza sana tatizo kwa sababu hazihitaji kile kioo, na vidoa vyake hutoa rangi yenyewe badala ya kuuchuja mwanga mweupe.

Kofia zinazofungwa juu ya lenzi zina kazi hiyohiyo ya kulizuia jua. Zipo zinazofunika nusu ya juu tu, na zipo za duara kamili kama bomba. Mtu anaweza kudhani kofia ndefu ni bora daima. Sivyo. Kofia ndefu ya duara humfichia taa dereva aliye kwenye njia ya pembeni, au aliyesimama karibu akilazimika kutazama juu. Kofia huchaguliwa kwa kila taa, baada ya kujua nani anatakiwa kuiona na nani hatakiwi. Maana kuna wasiotakiwa: barabara mbili zikikutana kwa pembe kali, dereva wa hii anaweza kuiona kijani ya ile na kuondoka nayo. Hapo kofia ndefu, au vibamba vyembamba vinavyopangwa mbele ya lenzi, ni vya lazima.

Sasa nafika kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko yote, nalo ni mahali taa inapokaa. Dereva hutazama mbele, kwenye njia yake. Kadiri taa inavyokaa mbali na mstari huo wa macho, ndivyo inavyoachiwa ukingo wa jicho, ambao ni hodari kuona kitu kinachotembea lakini dhaifu kutambua rangi. Mwongozo wa Marekani wa alama na taa za barabarani unataka taa zinazomhusu dereva ziwe ndani ya pembe ya nyuzi 20 kulia na nyuzi 20 kushoto kwake, na zisiwe karibu na mstari wa kusimamia kuliko mita 12 hivi. Unataka pia njia kuu iwe na taa zisizopungua mbili. Kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa, dereva anapaswa kuziona mfululizo kuanzia mita 119 hivi. Kwa kilomita 97, mita 218. Barabara ikiwa na kona au mlima unaozuia hilo, sharti iwekwe alama ya tahadhari kabla ya kufika. Neno "mfululizo" nalipenda sana hapo. Taa inayoonekana, ikapotea nyuma ya tawi, kisha ikaibuka tena, humfanya dereva aamini rangi ya zamani.

Nchi hazifanani katika kupanga taa. Marekani huziweka ng'ambo ya makutano. Ujerumani mara nyingi huziweka upande wa karibu, kando ya mstari wa kusimamia. Uingereza huweka moja karibu na nyingine ng'ambo. Iliyo karibu humfanya dereva asimame mahali sahihi, lakini aliye mbele kabisa hulazimika kupinda shingo ili aione. Iliyo ng'ambo huonekana kwa raha na wote, mpaka lori au basi lisimame mbele yako. Mtu wa gari dogo macho yake yako mita 1.08 kutoka ardhini kwa kipimo tunachotumia kwenye usanifu, na nyuma ya lori hana anachokiona isipokuwa lori. Ningepewa uchaguzi, ningeweka za pande zote mbili, moja ikiwa juu ya kila njia ya magari na moja pembeni.

Wapo pia wasioziona rangi kama wengine. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takriban asilimia 8 ya wanaume hupata shida kutofautisha nyekundu na kijani. Hao husaidiwa na mpangilio: Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama za barabarani unataka nyekundu iwe juu pale taa zinapopangwa wima. Lakini usiku, kwa mbali, mpangilio hauonekani. Kinachoonekana ni kidoa kimoja kinachoelea gizani. Ndiyo faida nyingine ya fremu ya manjano, kwa maana inaonyesha kidoa kiko juu au chini ndani yake. Kijani ya taa nayo huelekezwa kidogo kwenye bluu makusudi, na nyekundu haitakiwi kuwa nzito mno kwa sababu kwa baadhi yao nyekundu nzito hukaribia weusi. Jimbo la Quebec nchini Kanada limekwenda mbali zaidi likatumia maumbo: nyekundu ya mraba, manjano ya umbo la almasi na kijani ya duara. Natamani wazo hilo lingesambaa.

Usiku shida hugeuka. Mwanga uliokuwa unatosha mchana sasa unakuwa mwingi mno, unazungukwa na mng'ao unaomeza ukingo wa taa na kumficha mtu anayevuka chini yake. Wazee huumia zaidi, kwa sababu lenzi ya jicho lao husambaza mwanga. Mitambo ya kisasa huweza kupunguza mwanga giza linapoingia, na nashauri kipengele hicho kitumike, hasa nje ya miji ambako hakuna taa nyingine za kushindana nazo.

Limebaki suala la matunzo. Vumbi hufutwa, matawi hukatwa kabla hayajafika kwenye mstari wa macho. Hayo kila fundi anayajua. Linalosahaulika ni namna LED inavyokufa. Balbu ya wati 135 au 150 ikikatika uzi wake ilizima ghafla na watu wakapiga simu. LED, inayotumia chini ya wati 20, hupungua polepole mwaka hadi mwaka. Hakuna anayepiga simu, kwa maana inawaka. Joto lake dogo pia halitoshi kuyeyusha theluji inayojikusanya kwenye lenzi, kwa hiyo penye theluji huhitaji kofia au vifuniko vya umbo maalumu. Taa hizi zibadilishwe kwa umri na kwa kipimo, si kwa kusubiri zizime. Napendelea tarehe ya kufungwa iandikwe ndani ya mlango wa kila kasha, na fundi anayepanda kufuta vumbi apande na kipima mwanga.