Idi Unguja: namna mgeni anavyoweza kuingia katika sikukuu ya wenyeji

Wageni wengi wanaotaka kuja Zanzibar kwa ajili ya Idi el-Fitri huanza kwa kuniuliza tarehe, nami huwajibu kwamba tarehe haiahidiki. Ramadhani huwa na siku 29 au 30, na mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takriban siku 11 kuliko ule wa kalenda ya ofisini, ndiyo maana Idi ya 2024 ilisaliwa Aprili 10 na ya 2025 Machi 31. Uhakika hupatikana usiku wenyewe, Ofisi ya Mufti inapotangaza kuandama kwa mwezi. Kwa hiyo anayekata tiketi ya boti kutoka Dar es Salaam hana budi kujiachia siku ya ziada kabla na baada ya ile anayoitarajia. Katika kazi hii ya kutembeza watalii, huliweka wazi jambo hilo kabla hata hatujazungumza bei.

Ni bora afike Ramadhani ikiwa bado haijamalizika. Atakubali kwamba mchana mikahawa mingi imefungwa na kwamba kula njiani ni utovu wa adabu, lakini atazikuta zile siku ambazo sokoni Darajani hapapitiki kwa wanunuzi wa kanzu, viatu vya watoto na vitambaa, huku wanawake wakingoja zamu ya kupakwa hina na piko hadi usiku wa manane. Asiyeona namna mfungo ulivyowachosha watu hawezi kuielewa furaha inayofuata.

Asubuhi ya sikukuu mosi, kabla ya swala, kila mwenye uwezo huwa ameshatoa zakatul fitri, ambayo kwa kawaida ni chakula kinacholiwa na watu wa mahali, yaani mchele kwa hapa kwetu, ili maskini naye apate cha kupika siku hiyo. Mgeni Mwislamu ajiunge na safu kama kawaida, akiwa amekwishakula tende au chochote kidogo, kwa kuwa ndiyo suna ya Idi hii. Asiyekuwa Mwislamu ninamshauri akae mbali na viwanja vya swala mpaka hotuba iishe. Zipo kampuni zinazowapeleka watalii kupiga picha waumini wakiwa wamesujudu. Mimi kazi hiyo siifanyi, hata nikiongezwa malipo.

Baada ya swala sikukuu huhamia majumbani, na hapo ndipo msafiri anayejua Kiswahili anapompita mtalii wa Ulaya kwa mbali, kwani anaweza kubisha hodi, kutoa salamu na kuwapa wazee mkono wa Idi bila mkalimani. Ajiandae kula zaidi ya nyumba moja: pilau au biriani, tambi za sukari, vileja, kaimati, kisha kahawa na halua. Kukataa kabisa humvunja moyo mwenye nyumba, kwa hiyo aonje kidogo kila anapokaribishwa. Mwenyeji hulipwa kwa kutembelewa, hivyo fedha asipewe. Sukari au matunda yaliyopelekwa mapema jikoni yatapokewa vizuri.

Jioni ni ya watoto. Wakiwa na nguo mpya, miwani ya plastiki na vijisenti walivyokusanya kwa jamaa, huelekea Mnazi Mmoja na Kariakoo (ya Unguja, si ile ya Dar), na wenzao wa Chake Chake, Pemba, huenda Tibirinzi, wakapande bembea, wale aiskrimu na wanunue vitu vitakavyovunjika kabla ya kufika nyumbani. Mnazi Mmoja una historia yake: wakati wa ukoloni viwanja hivyo vilikuwa sehemu ya mpaka uliotenga Mji Mkongwe na mitaa ya Ng'ambo, na leo usiku wa sikukuu ndipo pande hizo mbili zinapochanganyika kuliko pengine popote mjini. Sherehe hizi huendelea kwa siku nne, na kwa maoni yangu sikukuu pili ndiyo inayomfaa mgeni zaidi, kwa sababu siku ya kwanza kila familia imeshughulika na watu wake, ilhali siku ya pili watu wa mjini hutoka kwenda mashamba kuwaona wazee, na gari lenye nafasi moja huwa halikosi kumchukua mgeni wa nyumba.

Jambo moja husahauliwa na wengi: noti ndogo. Watoto wa mtaa watakuja kukuamkia wakitarajia sikukuu yao, yaani vijisenti vya Idi, na ukimpa mmoja shilingi 1,000 mbele ya wenzake utakuwa umejifungulia foleni. Chenji huwa adimu siku hizo, kwa hiyo zivunje noti kubwa mapema, kisha mkabidhi mama mwenye nyumba agawe yeye, maana ndiye anayejua nani ameshapata na nani amerudi mara ya pili.