Nyaya tatu za mota ya mashine ya kufulia

Kwa karakana ya nyumbani, mota ninayoipenda kuliko zote hutoka kwenye mashine ya kufulia ya matangi mawili. Plastiki hupasuka, gia huisha, mashine inaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na huko mota nzima hupasuliwa kwa nyundo kwa ajili ya shaba. Inaniuma kila nikiona.

Ndani mna mota mbili, ya kufulia na ya kukamulia, kila moja ina nyaya tatu. Rangi usiziamini. Weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), pima waya kwa waya. Niliyoifungua juzi ilisoma 24, 24 na 48. Waya mbili zilizoleta 48 ni ncha za koili (waya wa shaba uliosukwa ndani), iliyobaki ni ya pamoja. Koili zikilingana hivyo, umeshika mota ya kufulia, iliyosukwa izunguke pande zote mbili. Kapasita, kile kifaa kinachohifadhi chaji na kusaidia mota kuanza kuzunguka, inafungwa kati ya zile ncha. Laini moja ya umeme inaingia kwenye waya wa pamoja, nyingine kwenye ncha mojawapo. Ukiihamishia ncha ya pili, mota inageuza mzunguko. Ya kukamulia huwa na koili zisizolingana; yenye omu chache ndiyo ya kazi, basi umeme upeleke huko.

Kabla hujawasha, pima kila waya na bodi, yaani ganda la chuma la mota. Mita ikisoma omu zozote, koili imegusa chuma: hiyo ni ya fundi wa kusuka mota. Na bodi ifungwe waya wa ethi, bila mjadala.

Mota ya mashine ya otomatiki, yenye kaboni mbili (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka), ni habari nyingine. Ukiiwasha moja kwa moja bila mzigo, inaweza kupita mizunguko 10,000 kwa dakika. Jiwe la kunolea likipasuka kwa kasi hiyo, linakurukia usoni. Usiifunge bila kidhibiti kasi.

Hii ya matangi mawili, kwa umeme wetu wa hezi 50, huzunguka kama mara 1,400 kwa dakika. Msumeno haiuwezi, itakwama na kuungua. Yangu nimeifunga diski ya msasa ya kunolea patasi. Lakini iliundwa kufua kwa kupumzika, kwa hiyo huwa naigusa mgongoni. Kiganja kikishindwa kukaa, nazima na kuendelea kunoa kwa mkono hadi ipoe.