Klia ya modeli: yanayosemwa na yalivyo

Anayeunda modeli hapa Unguja, iwe gari la plastiki la kipimo cha 1/24 au jahazi la mbao, ushauri wa kwanza wa klia, ile vanishi angavu inayopigwa juu ya rangi, huupata kwa fundi wa rangi za magari. Fundi huyo anaijua kazi yake, lakini gari halisi halina mistari ya milango inayozibwa na tone moja.

“Ukitaka ing'ae, ongeza koti,” yaani tabaka jingine la klia.

Hii ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Klia hung'aa kwa sababu uso wake umelala sawa na mwanga unarudi bila kutawanyika, na uso hulala pale tu klia ingali maji. Matone yakitua mabichi, huungana. Yakitua yamekauka nusu, hubaki vipele, kile ambacho mafundi hukiita ganda la chungwa, na ukiongeza koti juu ya vipele unapata vipele vinene zaidi. Halafu kuna suala la kipimo: klia yenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita, kwenye 1/24, ni kama milimita 2.4 juu ya gari la kweli. Boneti inaonekana imechovywa kwenye asali.

Kwa hiyo tazama kwanza kinachoyakausha matone njiani: klia nzito, upepo mwingi wa kompresa, mkono ulio mbali, thina (kiyeyusho cha klia) inayoruka haraka kuwa mvuke. Kwa klia ya laka, ile inayokauka upesi thina yake ikiruka, anza na sehemu moja ya klia kwa moja au moja na nusu ya thina, upepo kati ya psi 15 na 20 kwenye geji ya kompresa, na eabrashi (bomba dogo la kupulizia rangi) iwe sentimita saba hadi kumi kutoka kwenye modeli. Piga ukungu mwepesi mara mbili, uache ushike, ndipo upige koti la majimaji, kila mstari ukipanda nusu ya uliotangulia. Ukitazama kwa mshazari, njia ya mkono wako ionekane imelowa. Ikionekana kavu, sogea karibu au ongeza thina, usiongeze upepo.

“Imepauka weupe, basi klia ni mbovu.”

Ati mbovu! Mara nyingi ni masika tu. Thina ikiruka haraka huupoza uso, na unyevu wa hewa hugeuka maji pale pale ndani ya klia. Thina rahisi ya gereji ndiyo hasa huruka hivyo. Tafuta thina ya kukauka polepole; pengine hata weupe uliokwisha kutokea huondoka ukipuliziwa ukungu mwembamba wa thina hiyo. Alfajiri hewa huwa imelowa kuliko mchana, kwa hiyo ngoja jua lipande, na funga mtego wa maji kwenye mpira wa kompresa, maana hewa ikibanwa hutoa maji. Wakati wa kaskazi shida hugeuka: joto hulikausha tone kabla halijalala, na dawa ni ile ile ya thina ya polepole.

“Klia itaficha mikwaruzo.” Itaitangaza. Msasa wa maji namba 2000 upite kwanza, klia baadaye. Na mbao za jahazi zizibwe vinyweleo kwa sila, rangi ya kuziba mbao, kabla ya yote, la sivyo zitainywa klia kwa mabaka.

Wengine husema kuweka klia kabla ya stika za maji, zile picha zinazolowekwa na kubandikwa kwenye modeli, ni hasara. Sivyo: kwenye uso wa kukwaruza hewa hunaswa chini ya stika na kuacha madoa ya fedha. Ila ukirudi kuzifunika kwa laka, usizimwagie. Koti zito huzikunja. Ukungu kwanza.

Kukauka kwa kidole nako si kukomaa. Laka iachie siku moja au mbili kabla ya polishi, klia ya mafuta iachie zaidi, na kwenye kingo punguza mkono, kwani ndiko klia ilikuwa nyembamba.

“Kitambaa puani kinatosha, kopo lenyewe dogo.” Hakitoshi. Kitambaa hakizuii mvuke wa thina. Kinachozuia ni barakoa yenye vichujio vya kaboni. Klia yenye hadina, dawa ya kuigandisha inayochanganywa kabla ya kupiga, ina kemikali iitwayo isosayaneti, inayoweza kuanzisha pumu, na hatari yake huipati kwa harufu. Kwa kazi ya chumbani mimi naiacha kabisa. Klia ya maji nayo, ukungu wake huingia mapafuni vile vile. Na jiko la mkaa lisiwe chumba kimoja na thina.