Fereti Anapohara: Maji na Chakula Kwanza

Mwaka 1993, madaktari wa wanyama wa mashariki mwa Marekani walianza kupokea fereti, wanyama wadogo wanaofugwa nyumbani na walio jamaa wa kicheche, waliokuwa wakihara ute wa kijani kibichi, mara nyingi siku mbili tatu baada ya fereti mdogo mgeni kuingizwa nyumbani. Baadaye ilibainika kuwa chanzo ni kirusi cha jamii ya korona. Kwa kawaida hatukiui kwa dawa. Kazi yangu kama daktari wa wanyama ni kumtegemeza mgonjwa hadi utumbo wake upone wenyewe.

Fereti ana utumbo mfupi ambao chakula huupita kwa saa tatu au nne tu, ndiyo maana simkubalii mfugaji anayetaka kusubiri hadi kesho. Ninagusa fizi kwanza: zikinata kidoleni, maji yamepungua mwilini. Kwa siku anahitaji takribani mililita 60 hadi 100 kwa kila kilo ya uzito, ukiachilia mbali anayopoteza kwa kuhara, nami humpa kwa mafungu chini ya ngozi ya mabegani, yakiwa yamepashwa hadi joto la mwili (hata hivyo atapiga kelele, kwani fereti hawaipendi kabisa sindano hiyo). Aliyelegea huwekewa dripu ya mshipani.

Kwenye chakula ndiko wengi hukosea. Fereti hula nyama, hivyo ninaagiza kuku aliyesagwa laini, bila kitunguu, vuguvugu, atiwe kidogo kidogo pembeni mwa mdomo kwa bomba lisilo na sindano, kila baada ya saa nne, usiku ukiwemo. Maji ya sukari siyataki: fereti wengi waliovuka miaka mitatu wana uvimbe wa kongosho unaomwaga insulini (homoni inayoshusha sukari ya damu), na sukari huuchochea, kisha sukari ya damu ikaporomoka. Asali kidogo kwenye fizi ni kwa aliyezimia tu, akiwa njiani kuletwa.

Akisaga meno na kujikwaruza mdomo, ana kichefuchefu; hapo simlishi kabla ya kumpiga picha ya eksirei, maana huenda amemeza kipande cha mpira. Kinyesi cheusi kama lami huashiria damu, pengine kutokana na vidonda vya tumbo.

Wadogo hupona upesi. Wazee huweza kutoa kinyesi chenye chembe kama punje za mtama kwa wiki kadhaa, na hao ninataka wapimwe kila asubuhi kwa mizani ya jikoni.