Je, wajua kwa nini Mbuga ya Nairobi haina ua upande wa kusini?

Ukipita Barabara ya Mombasa au Lang'ata utauona ua wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Kaskazini, mashariki na magharibi imefungwa. Kusini mpaka wake ni Mto Mbagathi, na ukivuka mto umeingia Kajiado, kwenye ardhi za watu. Mbona wasizibe na huko, simba wakome kula ng'ombe wa watu?

Jibu liko kwenye nyasi. Mbuga hii, ya kwanza nchini Kenya, ilianzishwa mwaka 1946 na ina kilomita za mraba 117 tu. Kiangazi kikikaza, nyumbu na pundamilia huingia humo kwa ajili ya maji ya mabwawa. Mvua ikinyesha hutoka, wakavuka mto kuelekea nyanda za Athi-Kapiti. Huko nyasi ni fupi na changa, zina madini ambayo nyumbu anayenyonyesha anayahitaji, na simba hapati pa kujificha. Ukiziba kusini, umewanyima wanyama hao malisho yao ya masika.

Sasa nyanda hizo zina wenyewe. Kitengela, ng'ambo ya mto, ilikuwa ranchi ya kikundi ya Wamaasai, yaani ardhi waliyoimiliki kwa pamoja. Miaka ya 1980 ikagawanywa, kila mwanachama akawa na kipande chake. Mwaka 1990 eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje likaanzishwa Athi River, na maelfu ya wafanyakazi wakahitaji pa kulala. Ploti za futi 50 kwa 100 zikaanza kuuzwa. Simlaumu aliyenunua: kodi ya nyumba Nairobi inaumiza, na kila mtu anataka pake. Wala simlaumu aliyeuza, maana ukame ukimaliza ng'ombe, karo ya watoto bado inadaiwa. Lakini kila ploti huja na ua wake, na nyua zikijipanga njia ya nyumbu hufungwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa nyanda hizi walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Kufikia mwaka 2011 walikuwa wamebaki elfu chache.

Jaribio lililonivutia kuliko yote lilianza mwaka 2000. Badala ya kumhubiria mfugaji, wahifadhi walimlipa. Mwenye ardhi alipewa shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, naye akakubali kutojenga ua, kutolima, kutochimba mawe na kuwaacha wanyama wapite. Malipo yaligawanywa mara tatu, yakafika shule zinapofunguliwa, na aliyeyabuni alijua shida hasa ya mfugaji. Ng'ombe waliendelea kulisha palepale, kwa hiyo hakuna aliyeacha kazi yake. Baadaye ukatengenezwa pia mpango wa matumizi ya ardhi wa Kitengela, Isinya na Kipeto, unaoonyesha mji ukue wapi na malisho yabaki wapi.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia ya haki, ila malipo yalikuwa madogo mno. Piga hesabu: ekari 60 zilimletea mwenyewe shilingi 18,000 kwa mwaka mzima. Dalali akija na bei ya ploti moja tu, hizo 18,000 zingemzuiaje kuuza? Na simba akiua ng'ombe mmoja usiku, hasara hiyo pekee ilipita malipo ya mwaka.

Mpango ulitegemea wafadhili, na hapo ndipo penye udhaifu. Anayelipa kiingilio langoni anafaidi nyasi za mtu wa Kitengela bila kumjua. Sehemu ya kiingilio hicho ingepaswa kumfikia mwenye ekari kila muhula, kwa kiwango kinachopanda kadiri bei ya ardhi inavyopanda. Mji nao ujengwe kwenda juu pale palipotengwa kwa makazi, kwa sababu ghorofa nne hukalisha familia nyingi kwenye ploti ileile, na ekari za malisho hubaki wazi.