Si maji ya zamani yanayowalinda samaki wako

Anayehama Mtwara kwenda Dar na tangi la samaki huambiwa: beba maji yote ya zamani, ukiyamwaga umewaua. Basi mtu anapanga ndoo nane uani kabla hata ya kufunga vyombo.

Imani hii imekosea mahali. Bakteria wanaogeuza amonia, sumu inayotoka kwa samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na makali sana, hawaelei kwa wingi majini. Wameng'ang'ania kwenye sponji ya filta, changarawe na mawe. Bonyeza sponji uone ule utelezi wa kahawia. Wengi huuona uchafu wakausuuza bombani, na klorini ikaua bakteria wengi. Hapo ndipo samaki hufa, halafu lawama wanabebeshwa maji mapya!

Sponji isafiri kwenye ndoo yenye maji kidogo ya tangi, kivulini, mfuniko ukiwa umelegea, maana bakteria hao nao wanahitaji oksijeni. Isikauke.

Maji? Lita 100 ni kilo 100, na konda atakutoza kama gunia la korosho. Chukua ya samaki tu: theluthi ya mfuko maji, iliyobaki hewa, ndani ya deli la barafu lisilo na barafu. Wasile siku moja kabla, wasije wakachafua mfuko. Tangi lisafiri tupu, hata changarawe itolewe. Uzito wake hutikisa maungio ya kioo.

Ukifika, toa klorini kwenye maji mapya, rudisha sponji, washa filta, ndipo samaki waingie.