Presha ya mapafu kwa mgonjwa wa figo: usikimbilie sildenafili

Mgonjwa wa dayalisisi analetwa na majibu ya eko ya moyo, yaani kipimo cha mawimbi ya sauti: presha ya mapafu iko juu. Swali linalofuata karibu kila mara ni, "Daktari, aanze sildenafili?", yaani dawa ya kutanua mishipa ya mapafu. Mimi huuliza kwanza eko ilipigwa lini. Kama ilipigwa kabla ya kusafishwa damu, mwili ukiwa umebeba maji ya siku mbili, namba ile haiaminiki. Irudiwe akishatolewa maji hadi uzito wake mkavu, yaani uzito wake bila maji ya ziada.

Wengi wao tatizo liko upande wa kushoto wa moyo. Presha ya damu ya miaka mingi imeukakamaza msuli, damu inashindwa kuingia vizuri na kurudi nyuma hadi mapafuni. Huyu ukimtanulia mishipa ya mapafu, umefungulia bomba zaidi wakati mtaro umeziba. Anaweza kukujia usiku hapumui. Tiba yake ni kutoa maji: furosemidi, dawa ya kukojosha, kama bado anakojoa, au saa za dayalisisi ziongezwe, na chumvi ipungue. Fistula nayo, yaani mshipa uliounganishwa mkononi kwa ajili ya dayalisisi, ikaguliwe. Ile inayopitisha damu nyingi kupita kiasi huuchosha moyo, na hapo anayehitajika ni mpasuaji.

Wanabaki wachache. Katheta, yaani mrija mwembamba, ikiingizwa upande wa kulia wa moyo inaonyesha wastani wa presha ya mapafu unaozidi milimita 20 za zebaki, upande wa kushoto hauzidi 15, na ukinzani wa mishipa ya mapafu uko juu. Hao, wakisimamiwa na mtaalamu wa ugonjwa huu, wanaweza kupewa dawa.

Sildenafili, miligramu 20 mara tatu kwa siku, ndiyo niliyoizoea. Lakini presha ya damu inaweza kuporomoka katikati ya dayalisisi, na haichanganywi kamwe na dawa za moyo za naitreti. Ndugu yake tadalafili simpi mwenye figo zilizochoka sana wala aliye kwenye dayalisisi. Riosiguati, dawa nyingine ya presha ya mapafu, pia haimfai wa dayalisisi, wala haiendi pamoja na sildenafili. Bosentani, nayo ya presha ya mapafu, huvunjwa na ini, kwa hiyo kipimo hakipunguzwi kwa sababu ya figo; ila huleta uvimbe na kupunguza damu, shida ambazo mgonjwa wetu anazo tayari. Aliyepandikizwa figo akiwa anatumia saiklosporini, dawa ya kuzuia mwili kukataa figo mpya, haruhusiwi kuigusa bosentani.

Na asiondolewe haraka kwenye mipango ya kupandikizwa. Kwa baadhi yao presha ya mapafu hushuka figo mpya ikishaanza kazi.